Wakabaki na jeneza la Kigiriki, wakagawa kasri la Bani Umayya

Katika Makumbusho ya Akiolojia ya Istanbul kuna jeneza la marumaru linaloitwa la Aleksanda. Ubavuni Wagiriki na Waajemi wanapigana vita, farasi wamesimama kwa miguu ya nyuma, na mabaki ya rangi bado yanaonekana. Lilifukuliwa Sidon, Lebanoni ya leo, mwaka 1887, chini ya usimamizi wa Osman Hamdi Bey, mkurugenzi wa makumbusho ya dola ya Uthmaniya, dola ya Waturuki iliyotawala pia Sidon na nchi nyingi za Kiarabu.

Namheshimu sana mtu huyu. Kabla yake wageni walikuwa wakichimba na kubeba: Schliemann, mchimbaji Mjerumani, alitorosha dhahabu ya Troya mwaka 1873, kisha michongo ya Pergamon ikaenda Berlin, yote kutoka miji ya kale katika Uturuki ya leo. Sheria ya 1884, aliyoipigania yeye, ilisema kila cha kale kinachofukuliwa ni mali ya dola, na ni marufuku kukitoa nje.

Mwaka 1891 majeneza ya Sidon yakapata nyumba mpya, na mbunifu wake, Alexandre Vallaury, aliichora sura ya jengo kwa kuyaiga majeneza yenyewe. Hebu fikiri: dola ya Kiislamu, ambayo Ulaya iliiona mgonjwa anayesubiriwa afe, inajijengea nguzo za Kigiriki katikati ya mji mkuu wake. Ilikuwa ikiwaambia Wazungu kwamba huo ustaarabu wanaojivunia, mizizi yake imo katika ardhi ya Sultani.

Hadi hapo naielewa. Kinachoniuma ni Mshatta, kasri la karne ya 8 la Bani Umayya, ukoo wa makhalifa wa mwanzo wa Uislamu, katika Jordan ya leo. Mwaka 1903, sheria ikiwa na umri wa miaka 19, Sultani Abdulhamid II alimzawadia Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani ukuta wa mbele wa kasri hilo, wenye nakshi za mizabibu na wanyama. Mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, kule Lindi, ilipelekwa Berlin baadaye na Wajerumani waliokuwa wakitutawala. Mshatta ilitolewa na Sultani mwenyewe, aliyejiita khalifa wa Waislamu wote.

Kwangu mimi, zawadi ile inaonyesha dola iliyoanza kujipima kwa macho ya Ulaya. Jiwe la Kigiriki lililindwa kwa sababu Paris na Berlin zililitamani. La Kiislamu likawa la kununulia urafiki. Na watu wa Sidon, ambao majeneza yalitoka chini ya ardhi yao, waliyaona yakipakiwa melini kwenda Istanbul.