Omtatah na pesa zinazotoka kabla ya ruhusa

Seneta wa Busia nchini Kenya, Okiya Omtatah, amebandikwa jina la mzuia maendeleo. Wakosoaji wake husema hachoki kukimbilia kortini, tena hasemi barabara na hospitali zingelipiwa na nini kama serikali ingemsikiliza. Hilo la pili lina uzito. La kwanza linapuuza kwamba seneta hapigi kura juu ya makadirio ya wizara: Kifungu cha 221 cha Katiba kimeyaacha kwa Bunge la Taifa. Seneti kazi yake ni mgao wa kaunti. Asiye na kura akapingie wapi?

Katika kesi yake ya kupinga Sheria ya Fedha ya 2023, watu walishika ile VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mafuta iliyotoka asilimia 8 hadi 16. Mahakama ya Rufaa, ilipoifuta sheria hiyo Julai 31, 2024, ilishika pia jambo kavu zaidi: makadirio ya mapato hayakuwekwa pamoja na ya matumizi katika mswada wa matumizi. Wabunge wakipitisha matumizi bila mapato kando yake, pengo hujificha, na likija kuonekana huzibwa kwa mkopo.

Kifungu cha 223 ndicho hasa cha kuangaliwa. Kinaruhusu serikali kutumia pesa ambazo Bunge halijaidhinisha, mradi zisizidi asilimia 10 ya zilizoidhinishwa mwaka huo, na kibali kiombwe ndani ya miezi miwili tangu zilipoanza kutolewa. Kwa kila shilingi trilioni 1, hiyo ni bilioni 100. Na miezi miwili ni mingi: aliyelipwa keshalipwa, mbunge anaulizwa kama anakubali yaliyokwisha tendeka. Siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 9, 2022, shilingi bilioni 6.09 zilitolewa kwa njia hiyo kununua hisa za kampuni ya simu ya Telkom Kenya. Bunge lililopaswa kutoa kibali lilikuwa halijachaguliwa.

Serikali nayo ina hoja. Mafuriko ya 2024 hayakungoja bajeti ya ziada. Isitoshe, kufuta sheria ya kodi baada ya mwaka mzima wa ukusanyaji kunazua swali la nani arudishiwe nini, wakati mishahara ilishalipwa kwa pesa hizo hizo. Oktoba 29, 2024 Mahakama ya Juu iliitengua hukumu ya Rufaa, na Omtatah akashindwa.

Lakini kununua hisa si mafuriko. Kifungu chenyewe hakitaki hata dharura. Inatosha kusema pesa zilizotengwa hazikutosha, au limezuka hitaji lisilotengewa kitu, na ni wizara gani itakosa la kusema hapo? Mdhibiti wa Bajeti, ambaye lazima aidhinishe kila utoaji, anabaki peke yake kukataa, huku simu za wakubwa zikilia. Bunge lingeweza kumpunguzia mzigo kwa kuagiza Hazina ya Taifa ipeleke orodha siku ile ile pesa zinapotoka, ikiwa na jina la anayelipwa na kiasi, badala ya kusubiri siku ya 60.