West Side Story ya Spielberg: watazamaji waligombania nini hasa?

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ilipata mtihani mgumu Desemba 2021, Steven Spielberg alipoleta kwenye majumba ya sinema toleo lake la West Side Story. Watazamaji wa kwanza waliohojiwa na kampuni ya CinemaScore nchini Marekani waliipa filamu hiyo alama ya A, na wahakiki wengi wakaimwagia sifa. Lakini wikendi ya kwanza huko huko Marekani iliingiza takriban dola milioni 10.5, kwa filamu iliyogharimu karibu dola milioni 100, na hadi inaondoka ukumbini duniani kote ilikuwa imekusanya kama milioni 76 tu. Walioingia walitoka wameridhika. Tatizo ni kwamba walioingia walikuwa wachache.

Pengo hilo limeacha ubishi ambao haujapoa. Kuna wanaosema filamu ya 1961 ilikuwa imemaliza kazi, na kuipiga upya ni ukosefu wa adabu, au ukosefu wa mawazo mapya. Kuna wanaosema ile ya zamani ilikuwa na aibu zake zilizohitaji kusafishwa, na Spielberg kazisafisha. Nadhani kila upande umeshika jambo la kweli na kulitetea kwa hoja isiyotosha. Filamu ya muziki hupimwa kwanza kwa namna inavyozitendea nyimbo zake: nani anaimba, wakati gani, na mtazamaji anajua nini ambacho mwimbaji hakijui. Hayo hayazungumzwi sana kwenye ubishi huu.

Kwa ambaye hajaiona: ni kisa cha Romeo na Juliet kilichohamishiwa New York ya miaka ya 1950. Genge la Jets ni vijana wazungu waliozaliwa hapo. Genge la Sharks ni vijana kutoka kisiwa cha Puerto Rico. Tony, aliyewahi kuwa kiongozi wa Jets, anampenda Maria, dada yake Bernardo, kiongozi wa Sharks. Muziki ni wa Leonard Bernstein, maneno ya nyimbo ni ya Stephen Sondheim, hadithi iliandikwa na Arthur Laurents, na Jerome Robbins aliongoza onyesho na kupanga dansi. Lilifunguliwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maonyesho za New York, Septemba 1957. Filamu ya kwanza, iliyoongozwa na Robert Wise pamoja na Robbins mwenyewe, ilichukua tuzo 10 za Oscar, ikiwemo ya filamu bora.

Wapenzi wa filamu hiyo ya zamani wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Rangi zake kali, vijana wanaoanza kutembea barabarani na ghafla wanadansi kana kwamba lami yenyewe imewarusha, kamera inayoshuka kutoka angani juu ya Manhattan: huo ni ulimwengu kamili wenye sheria zake. Mtazamaji akikubali kwamba wahuni hawa wanaweza kurusha mguu hewani kwa pamoja, atakubali mengine yote. Ukiipiga hadithi hiyo kwa uhalisia, yenye vumbi, majasho na matofali yaliyovunjika, unajitafutia swali ambalo filamu ya 1961 halikuisumbua: kwa nini watu hawa wanaimba? Toleo la 2021 lina nyakati ambapo swali hilo linapenya, na anayelalamika kwamba picha zake zimefifia rangi hasemi uongo.

Ila hoja inayofuata kwa kawaida, kwamba ya zamani ndiyo asili na isiguswe, haisimami. Filamu ya 1961 nayo ilikuwa marudio. Waliichukua kazi ya jukwaani wakaihamisha vipande kama walivyoona inafaa.

Tazama wimbo wa I Feel Pretty. Jukwaani unafungua sehemu ya pili. Bernardo ameshauawa, na aliyemuua ni Tony; ukumbi mzima unajua, Maria hajui, naye anaimba kwa furaha kuhusu uzuri wake. Kila kicheko kinauma. Waandaaji wa 1961 waliuhamisha wimbo ukaja kabla ya mapigano, pengine ili hadithi isirudi kwenye mzaha baada ya vifo, na ukawa burudani isiyo na sumu. Spielberg na mwandishi wake wa skripti, Tony Kushner, wameurudisha pale pale ulipokuwa. Maria yuko kazini usiku, akifanya usafi katika duka kubwa la Gimbels, anacheza na mitandio na kofia ambazo hataweza kuzinunua. Kuhusu wimbo huo, anayetetea uasilia anapaswa kuishangilia filamu mpya. (Sondheim mwenyewe, kwa miaka mingi, alisema wazi kwamba hakuyapenda maneno yake hapo: yalikuwa na ujanja mwingi mno kwa msichana aliyefika mjini juzi tu. Mahali pazuri pameuokoa wimbo ambao mtunzi wake aliuonea haya.)

Kwenye Cool mambo yanageuka. Jukwaani, Riff, kiongozi wa Jets, anauimba kuwatuliza vijana wake kabla ya makabiliano. Filamu ya 1961 iliupeleka baada ya vifo, ndani ya gereji yenye dari ya chini, ukaimbwa na kijana mwingine, Ice. Walikiuka mpangilio wa asili, na walipatia. Vijana wamempoteza kiongozi wao, polisi wanawatafuta, hawaruhusiwi kulia wala kupiga kelele, na hasira yote inatokea mabegani na vidoleni. Toleo jipya limeufanya ugomvi kati ya Tony na Riff juu ya bastola, kwenye gati bovu lenye mashimo. Umepangwa kwa ustadi, na Mike Faist anayeigiza Riff ni mmoja wa vipaji vikubwa vya filamu hii. Bado nikiulizwa ni ipi ninayotaka kuiona tena, nitasema gereji.

Halafu kuna Somewhere, wimbo wa kutamani mahali pa amani. Jukwaani ulikuwa ndoto ya dansi. Mwaka 1961 ukawa wa wapenzi wawili. Mwaka 2021 wapenzi wamenyang'anywa wimbo huo, akapewa Rita Moreno. Yeye ndiye aliyekuwa Anita, mchumba wa Bernardo, katika filamu ya zamani, na alishinda Oscar kwa nafasi hiyo. Sasa, akiwa anakaribia miaka 90, ni Valentina, mjane kutoka Puerto Rico aliyeolewa na mzungu mwenye duka ambalo Jets wamelifanya kijiwe chao. Vijana wakiuimba, ni ahadi. Akiuimba mtu ambaye ndoa ya aina hiyo aliishi nayo maisha yake yote, na bado amezungukwa na chuki ile ile, unakuwa shitaka. Wapo watazamaji waliokasirika kwamba Tony na Maria wameporwa wimbo wao, na kwa upande wa mapenzi wana haki: wawili hao wamebaki wepesi kidogo. Mimi naona kwamba hata kama filamu nzima isingekuwa na jingine jipya, wimbo huo peke yake ungetosha kujibu wanaouliza kulikuwa na haja gani.

Tuje kwa wale wa kusafisha aibu. Orodha yao haina ubishi. Mwaka 1961 Maria aliigizwa na Natalie Wood, Mmarekani mwenye wazazi wahamiaji kutoka upande wa Urusi, na sauti ya kuimba tunayoisikia ni ya Marni Nixon. Bernardo alikuwa George Chakiris, mwenye asili ya Kigiriki. Waigizaji wa upande wa Sharks walipakwa rangi kuwatia weusi, na Moreno, aliyezaliwa Puerto Rico kwelikweli, amesimulia jinsi naye alivyopakwa. Katika filamu mpya Sharks wote ni wa asili ya Amerika ya Kilatini. Rachel Zegler, Maria mpya, ana asili ya Colombia kwa mama yake na anaimba kwa koo lake mwenyewe. Ariana DeBose, ambaye baba yake ni wa Puerto Rico, alichukua Oscar kwa nafasi ya Anita Machi 2022, na hapo kwa mara ya kwanza wanawake wawili wakawa wamepata tuzo hiyo kwa mhusika mmoja.

Lakini uteuzi wa waigizaji haubadilishi kalamu iliyoandika hadithi. Hili wamelisema Wapuerto Rico wenyewe, na Spielberg na Kushner walilisikia mapema, walipokwenda Chuo Kikuu cha Puerto Rico mwaka 2018 kuzungumza na wanafunzi na walimu. Waliotunga kazi hii mwaka 1957 ni wanaume wanne wa New York, hakuna hata mmoja wa kisiwani. Genge la Sharks lilikuwapo kwa sababu hadithi ilihitaji upande wa pili. Filamu mpya imejitahidi: vijana wanaimba La Borinqueña, wimbo wa taifa lao, kwa maneno ya kimapinduzi, Bernardo ni bondia mwenye malengo, Chino, anayetakiwa kumuoa Maria, ana masomo na kazi ya kutazamia. Hata hivyo Jets ndio wanaopewa nafasi ya kueleza kwa utani na uchungu walivyoharibikiwa, katika wimbo wao wa kumkejeli polisi Krupke. Sharks hawana wimbo wa namna hiyo. Hakuna mavazi wala lafudhi inayoweza kuziba hilo bila kutunga muziki mpya, na hapo tungekuwa na kazi nyingine kabisa.

Uamuzi uliowagawa zaidi watazamaji ulikuwa Kihispania. Wahusika wanakizungumza kwa dakika nyingi, na Spielberg alikataa kuweka tafsiri chini ya skrini, akieleza kwamba kufanya hivyo kungekipa Kiingereza mamlaka juu ya Kihispania. Waliokerwa walisema wamelipa kiingilio na kuachwa nje ya mazungumzo. Kwa sisi ambao Kiingereza chenyewe tulikikuta darasani, lalamiko hilo linachekesha kidogo. Nusu ya sinema za utotoni tulizielewa kwa macho. Kwa sehemu kubwa uamuzi umefanikiwa, kwa kuwa mandhari yenyewe yanabeba maana, na Anita akimhimiza Bernardo azungumze Kiingereza unaelewa ugomvi wao bila kamusi. Ila kuna kasoro ambayo watetezi huipita kimya: penye jambo ambalo hadithi haiwezi kuliacha lipotee, wahusika wanahamia Kiingereza kwa urahisi wa kutiliwa shaka. Mamlaka hayajaondoka, yamejificha tu.

Binafsi nina lawama kubwa zaidi kuhusu Tony. Kushner amempa historia: amekaa jela mwaka mmoja kwa kumpiga kijana karibu kumuua. Inaeleza kwa nini anaogopa ngumi zake, lakini inamfunga mikono mhusika ambaye kazi yake katika muziki huu ni kutarajia. Wimbo wake wa kwanza ni wa mtu anayehisi jambo jema linakuja bila kujua ni lipi. Ansel Elgort anauimba kama mtu aliyeambiwa na afisa wa mahakama ajichunge. Uhalisia umeongeza sababu, umepunguza joto.

Hata hivyo uhalisia huo huo ndio umeleta wazo bora la filamu. Kamera ya 1961 ilishuka kwenye mji uliosimama, ingawa sehemu ya mitaa waliyopigia picha ilikuwa ikisubiri kubomolewa. Kamera ya 2021 inaanza juu ya vifusi vyenyewe. Eneo la San Juan Hill linavunjwa kupisha kituo cha sanaa cha Lincoln Center, na magenge yanauana kwa ajili ya mitaa ambayo hakuna upande utakaobaki nayo. Kila ngumi baada ya hapo ina upuuzi wa ziada.

Basi kwa nini viti vilibaki vitupu? Wanaoichukia hujibu kwamba watu wameipiga kura ya hapana. Ni jibu la haraka mno. Ilitoka wakati kirusi cha Omicron kinasambaa, na wapenzi wa muziki wa zamani, ambao wengi wao ni watu wazima, walikuwa bado wanaogopa kumbi. Wiki moja baadaye ikaingia Spider-Man: No Way Home na kumeza kila kilichokuwa mbele yake. In the Heights, nayo ya muziki na nayo ya Walatino wa New York, ilikuwa imeshadorora katikati ya mwaka huo huo. Lakini na watetezi wasijifiche nyuma ya ugonjwa: Spider-Man iliwajaza vijana katika kumbi hizo hizo. Jina la West Side Story halikuwa na maana kwao, na filamu iliuzwa kama urithi ambao mtu anapaswa kuuheshimu.

Studio zilisoma matokeo hayo kwa njia yao. Trela za Wonka, mwishoni mwa 2023, na za Mean Girls, mwanzoni mwa 2024, karibu zilificha kabisa kwamba watu wangeimba, na kuna watazamaji walioguna ukumbini wimbo wa kwanza wa Mean Girls ulipoanza. Kibiashara, ujanja huo ulilipa. Zote mbili zilipata faida. Kisha Novemba 2024 ikaja Wicked, iliyotangaza nyimbo zake waziwazi, na ikapita dola milioni 700 duniani. Kwa hiyo anayesema watazamaji wa leo hawataki kuimbiwa itabidi aeleze foleni zile zilitoka wapi. Na anayesema toleo la Spielberg lilikataliwa, kwanza aniambie amekutana na wangapi waliolitazama hadi mwisho wakalikataa.