Ulimi uliofungwa: tuangalie titi kabla ya mkasi

Bukavu, mashariki mwa Kongo, siku hizi mtoto akihangaika titini siku mbili mfululizo, hakosi jirani wa kusema: "Ulimi yake inafungwa, mumupeleke bamukate." Muuguzi akijibu, "Kwanza tuangalie vile ananyonya, mama," huonekana mvivu au mtu asiyejua kazi. Anaonewa.

Wanaotaka mkato wana hoja. Kamba ya chini ya ulimi, ikiwa fupi au nene na imeshika karibu na ncha, humzuia mtoto kuutoa ulimi juu ya fizi ya chini, basi fizi ndiyo inayobana chuchu. Chuchu hutoka imebapa, ina mstari mweupe, kisha hupasuka. Mama anayeumia hivyo hukimbilia maziwa ya kopo, na kule Kadutu, mtaa wa Bukavu, kuchemsha maji na biberoni mara nane kwa siku kwenye jiko la makala si mchezo. Kuhara huingilia hapo. Mtoto wa namna hiyo akikatwa, amesaidiwa kweli.

Ila tusome ushahidi vizuri. Mapitio ya 2017 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 5 yenye watoto 302. Maumivu ya chuchu yalipungua kwa muda mfupi, lakini kwa unyonyaji wa mtoto mwenyewe matokeo hayakuafikiana. Yaani nafuu iliyoonekana wazi ni ya mama. Tena wengi wa wale ambao hawakukatwa mwanzoni walikatwa muda mfupi baadaye, kwa hiyo majaribio hayo hayawezi kutuambia hali ya miezi sita. Na wiki hizo za kwanza ndizo ambazo kunyonya hutengemaa hata ulimi usipoguswa: maziwa yamejaa, mama amezoea kumshika mtoto. Ukikata siku ya 5, siku ya 12 mambo yakawa sawa, utajuaje ni mkasi uliotibu? Madaktari wa watoto wa Marekani waliandika mwaka 2024 kwamba chini ya nusu ya watoto wenye dalili za ulimi uliofungwa hupata shida ya kunyonya. Kwao huko, kati ya 1997 na 2012, watoto wachanga walioandikiwa tatizo hili hospitalini waliongezeka hadi zaidi ya mara nane. Ndimi hazikubadilika kiasi hicho katika miaka 15. Waliobadilika ni wanaoziangalia.

Kumwona mtoto akinyonya kunataka subira, ndiyo maana wengi huiruka hatua hiyo. Mdomo uwe wazi kabisa, mdomo wa chini umepinduka nje, kidevu kimegusa titi, na weusi wa titi uonekane zaidi juu kuliko chini. Pasipo hayo, rekebisha mkao kwanza: tumbo kwa tumbo, pua mkabala na chuchu, asubiriwe apanue. Ndipo kidole kidogo, kimeoshwa, ukucha mfupi, kipitishwe chini ya ulimi kutoka upande mmoja hadi mwingine, kuona kama kinakwama. Akilia, tazama: ulimi uliofungwa sana huinuka pembeni tu, katikati unabaki chini. Kipimo cha Bristol hutoa alama 0 hadi 2 kwa mambo manne: sura ya ncha, mahali kamba iliposhika fizi, kuinuka, na kutoka nje; jumla ya 3 kushuka chini ni kizuizi kikubwa. Lakini mtoto akiwa amerudia uzito wa kuzaliwa kufikia wiki mbili, anaongeza gramu 20 hadi 30 kwa siku, na mama haumii, kamba iachwe hata kama inaonekana.

Kamba ya mdomo wa juu haina mjadala mrefu. Karibu kila mtoto mchanga anayo, na kumkata ili asiote mwanya (wakati huku mwanya ni uzuri!) hakuna msingi.

Ikibidi kukata, kwanza ulizwe kama alichomwa vitamini K, inayosaidia damu kuganda, hasa aliyezaliwa nyumbani, na kama ukoo una watu wasiokauka damu. Kidevu kikiwa kidogo kimerudi nyuma, asiguswe: ulimi unaweza kuziba njia ya hewa. Mtoto hufungwa kwa kitenge, msaidizi akashika kichwa, ulimi ukainuliwa, mkasi butu wa ncha ukakata utando mwembamba tu, milimita chache, mbali na mishipa na matundu ya mate. Gozi (kitambaa safi cha kidonda) ikandamizwe dakika chache, kisha titi palepale. Weupe unaobaki hapo si usaha. Huisha kwa wiki moja au mbili.

Upande wa kusubiri nao hujiharibia. Muuguzi akisema tu "nenda, itapita," mama ataishia kwa mtu wa wembe, yule yule anayekata kilimi na kuchokonoa fizi, na hapo ni damu, pepopunda na vidonda vyenye usaha. Ampe siku ya kurudi, siku 2 au 3, mtoto apimwe bila nguo kwenye mizani ileile. Chuchu ikiwa bado inapasuka licha ya mkao mzuri, aandike karatasi ya kumpeleka hospitali siku hiyohiyo.