Mtu mzima na karatasi ya mazoezi

Alhamisi iliyopita mjomba alinipigia simu jioni, nami nikamwomba tuzungumze kesho yake kwa kuwa karatasi yangu ya mazoezi ilitakiwa kukabidhiwa Ijumaa asubuhi. Alicheka sana. "Yaani mpwa wangu, umevuka bahari kutafuta shahada ya pili, na bado unapewa homuweki kama mtoto wa darasa la nne?" Sikumjibu, kwa sababu mjomba hajibiwi ovyo, lakini kicheko chake kimenikera kuliko alivyokusudia. Ndani yake mna fikra ambayo wengi tuliopita vyuo vikuu vya nyumbani tumeibeba bila kuihoji, kwamba mwanachuo ni mtu mzima, na mtu mzima hadaiwi daftari.

Chuo kilichonipokea hapa Ujerumani kilinipa sharti la kusoma upya uchambuzi wa kinambari wa shahada ya kwanza, lile somo la kukadiria kwa namba majibu yasiyopatikana moja kwa moja, tulilozoea kuliita nyumeriko, ingawa cheti changu kinaonyesha kwamba nililifaulu kwa A. Somo hilo lina krediti 9. Kwa mfumo wa Ulaya krediti moja huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi, kwa hiyo somo moja linadai saa zisizopungua 225 katika muhula, na mihadhara pamoja na vipindi vya mazoezi havifiki hata nusu yake. Saa zinazobaki zinaliwa na karatasi. Kila wiki hutoka karatasi yenye maswali manne, matatu ya kuthibitisha na moja la kuandika programu. Unaifanya na mwenzako mmoja, unaikabidhi, inasahihishwa mstari kwa mstari, na wiki inayofuata inarudi. Asiyefikisha nusu ya alama za karatasi zote haruhusiwi kuingia kwenye mtihani. Ajabu yake ni kwamba alama hizo, zilizotolewa jasho muhula mzima, haziongezi hata chembe kwenye matokeo. Zinakufungulia mlango wa chumba cha mtihani, basi.

Kwetu Tanzania mnakujua: test ya kwanza, test ya pili, asaimenti ya kikundi ambayo watu kumi wanaandika majina na wawili wanaandika majibu, halafu UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Alama arobaini kwa sitini. Karibu kila kitu kina alama, lakini mazoezi yenyewe hayapo. Mpaka wiki ya kumi watu wanaishi kwa amani, kisha madesa, yaani nakala za maswali na majibu ya zamani, yanaanza kutembea kutoka chumba hadi chumba, na kwa kuwa maswali ya nyumeriko hubadilishwa namba tu kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, mwenye kikokotoo kizuri na uvumilivu wa kukesha siku tano anaondoka na A yake. Ndivyo nilivyoipata yangu, wala siionei aibu, kwa sababu niliucheza mchezo kwa kanuni nilizozikuta.

Tena nisikilizwe vizuri hapa, maana kuna jambo la kujivunia. Mtanzania aliyesoma Advanced Mathematics ya kidato cha tano na sita amekutana na Newton-Raphson, njia ya kulikaribia jibu la mlinganyo hatua kwa hatua, na kanuni ya Simpson ya kukadiria eneo chini ya mchoro, kabla hajafika chuoni, na swali la kwanza la karatasi ya kwanza ya mtihani wa taifa limemzoesha kubonyeza kikokotoo hadi vidole vikajua njia. Mpe mlinganyo na mahali pa kuanzia, atakuzungushia hatua tatu kwa desimali nne wakati kijana wa Kijerumani aliyeketi pembeni yake bado anawasha kompyuta. Ninawaona hapa wakihangaika na hesabu za mkono ambazo sisi tulizifanya tukiwa tumevaa sare.

Lakini karatasi za mazoezi za hapa haziulizi hivyo. Zinauliza kwa nini njia ya Newton-Raphson inafika kwenye mzizi, yaani jibu la mlinganyo, ni kwa mahali gani pa kuanzia haifiki kabisa, na baada ya hatua ngapi unaweza kuahidi kwamba kosa limeshuka chini ya kiwango fulani. Swali la namna hiyo halina desa. Chukua mfano wa Carl Runge, Mjerumani aliyeonyesha mwaka 1901 kwamba ukichukua fomula nyepesi kabisa, moja gawanya kwa moja jumlisha 25 mara x ya kipeo cha pili, ukaipitishia polinomia, yaani fomula ya vipeo vya x inayoiigiza, kwenye nukta zilizopangwa kwa umbali sawa kati ya -1 na 1, basi kadiri unavyoongeza nukta ndivyo katikati panavyotulia na ncha mbili zinavyozidi kuruka. Nyumbani tulijaza majedwali ya tofauti, yale ya kuundia polinomia hizo, kurasa na kurasa tukiamini kwamba nukta nyingi ni usahihi mwingi. Hakuna aliyetudanganya, ni kwamba hakuna aliyetudai tuchore mchoro wenyewe tukauona ukiharibika mbele ya macho yetu. Hapa nilidaiwa kuuchora, kisha nikadaiwa kueleza kwa nini unatulia nukta zinaposongamana kuelekea kwenye ncha.

Karatasi nyingine ilihusu moja ya kumi. Namba hiyo, tunayoiandika kwa desimali bila wasiwasi, haiandikiki kikamilifu kwa mfumo wa sifuri na moja unaotumiwa na kompyuta, hivyo hukatwa mahali fulani. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot wa kuzuia makombora uliokuwa umewashwa kwa takriban saa 100 ulikuwa ukihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na vile vipande vilivyokatwa vikawa vimejikusanya hadi kufikia theluthi moja ya sekunde. Kwa kosa hilo kombora la Scud halikuzuiwa, na wanajeshi 28 wa Marekani waliuawa kambini mwao. Tuliagizwa kukokotoa kosa hilo sisi wenyewe, kwa kalamu, tangu biti ya kwanza iliyopotea. Mjomba aniambie kama hiyo ni kazi ya darasa la nne.

Sasa nawasikia wale wa "amekaa huko miaka miwili, ameanza kutuona washamba." Ndugu zangu, sijasema Mjerumani ana akili kuliko sisi, na yapo mengi hapa ambayo sitamani yahamie nyumbani. Katika vyuo vingi ukishindwa mtihani uleule mara ya tatu, hutimuliwi (yaani kudisko) chuoni hapo tu, bali unapoteza haki ya kusoma fani hiyo nchini kote. Mhadhiri hakujui jina. Ukipotea wiki tatu hakuna atakayegonga mlango kuuliza kama unaumwa au umekosa kodi ya chumba. Diskasheni zetu, ambamo mwenye uwezo anasimama ubaoni kuwapigia pindi wenzake hadi saa nane za usiku bila kudai hata soda, sijaziona hapa, na ninasema bila kumung'unya maneno kwamba kwa hilo sisi tumewazidi. Mwenzangu wa karatasi ni mtu mwema, ila ikifika saa kumi na mbili jioni anafunga daftari na kwenda kupanda baiskeli yake, hata kama uthibitisho umebaki mstari mmoja.

Kinachonichosha ni utetezi tunaoukimbilia. Mmoja ataniambia hatuna kompyuta za kutosha, nami nitamjibu kwamba maswali matatu kati ya manne yanataka kalamu. Mwingine atasema mitaala yetu ni tofauti. Si tofauti sana: TCU yenyewe, tume inayosimamia vyuo vikuu vya Tanzania, inahesabu krediti moja kuwa saa 10 za kujifunza, kwa hiyo somo la krediti 12 linadai saa 120, na saa hizo zimeandikwa kwenye muhtasari wa somo ambao kila mwanachuo hupewa siku ya kwanza. Saa zipo. Aliyekosekana ni mtu wa kuja kila wiki kuuliza zimetumikaje.

Wa tatu atasema wanafunzi watanakili. Ni kweli, watanakili, na hapa pia wananakili, tena siku hizi wana programu za kuwaandikia uthibitisho mzima kwa lugha tamu. Ndiyo maana kipindi cha mazoezi kina ubao. Kila mmoja lazima aitwe angalau mara moja katika muhula kueleza swali ambalo jina lake lipo juu yake, na akishindwa kusema mstari wa pili umetokana na nini na wa kwanza, alama za swali hilo zinafutwa. Nimeona likitendeka, na halikufanywa kwa kelele.

Hoja inayobaki ni mzigo wa walimu, na hiyo ninaiheshimu, kwa sababu TA (mwalimu msaidizi) mmoja nyumbani anabeba darasa ambalo hapa lingegawanywa kwa watu wengi. Lakini hapa anayesahihisha si mhadhiri wala TA. Ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu au wa nne aliyekwisha kulifaulu somo lenyewe, analipwa kwa saa, na yeye mwenyewe anasema ndipo alipoanza kulielewa. Wanafunzi wa aina hiyo wamejaa katika mabweni yetu, wakingoja bumu, fedha za mkopo wa masomo, lichelewe kama kawaida yake. Tuhesabu basi, kwa kuwa somo ni la hesabu. Darasa la watu 300 wakifanya kazi wawili wawili linatoa karatasi 150 kwa wiki. Wasahihishaji 10 watapata karatasi 15 kila mmoja, na kwa robo saa kwa kila karatasi, ni pungufu ya saa nne kwa wiki. Anayesema haiwezekani anionyeshe ni ipi kati ya namba hizo anayoikataa.