Lete methodi, lakini usiibandike kwenye orodha ya watu wote

Ukiwa umekulia kwenye Ruby au Python, halafu kazi ikakutupa kwenye JavaScript, siku za mwanzo ni za kulalamika tu. Kule uliandika `orodha[-1]` ukapewa cha mwisho. Huku unapewa `undefined`, bila hata kosa la kukushtua. Kule ulipanga namba zikapangika. Huku `[10, 9, 1].sort()` inakuletea 1, 10, 9, kwa sababu JavaScript, usipoiambia vingine, inazilinganisha kama maandishi. Kinachofuata tunakijua wote: mtu anafungua faili, anaandika `Array.prototype.last = ...`, yaani anaongeza `last` mahali ambapo orodha zote za JavaScript huchukua methodi zao, anaendelea na maisha yake.

Kuleta methodi, yaani fankisheni unayoiita kwa nukta kwenye kitu kama `orodha.last()`, sina ugomvi nako hata kidogo. Ugomvi wangu ni pale unapoiweka.

Kuazimana kumetufaa sana. Mwaka 2005 Sam Stephenson alitoa maktaba ya Prototype (msimbo ulio tayari wa kutumiwa na wengine), iliyozaliwa ndani ya mazingira ya Ruby on Rails, na kupitia hiyo orodha za JavaScript zikapata `each`, `inject`, `compact` na nyingine ambazo mtu wa Ruby angezitambua kwa kuzitazama tu. `bind`, ambayo maktaba hiyo iliieneza, iliingia kwenye lugha yenyewe rasmi mwaka 2009. Asiyetaka kuazima angetunyima hayo yote.

Tatizo ni kwamba Prototype, na MooTools iliyofuata, zilibandika methodi zao moja kwa moja kwenye `Array.prototype`. Hapo si pako peke yako. Ni kama nyumba ya kupanga: ukibadilisha kufuli la geti, umewabadilishia wapangaji wote, pamoja na wale ambao bado hawajahamia.

Mpangaji mpya alibisha hodi mwaka 2018. TC39, kamati inayosimamia JavaScript, ilikuwa inataka kuongeza `flatten` rasmi. Firefox ya majaribio ilipoiweka tu, ikaonekana kuna tovuti inaharibika, na chanzo kikawa MooTools. Ukitazama kwa haraka utasema haiwezekani: MooTools inaandika `flatten` yake juu ya ile ya kivinjari, kwa hiyo yake ndiyo ingeshinda. Na kweli inashinda. Ila MooTools ina kipande kingine kinachopita kwenye `Array.prototype` kwa mzunguko wa `for...in`, kikinakili kila methodi kinayoikuta kwenda kwenye aina yake ya elementi za ukurasa. Methodi uliyoibandika mwenyewe inaonekana kwenye mzunguko huo. Methodi ya kivinjari imefichwa isionekane, na ukiandika juu yake unabadilisha thamani, lakini ule ufiche unabaki. Basi `flatten` haikunakiliwa, na ukurasa uliokuwa ukiitegemea ukaanguka.

Tovuti haikuguswa na mtu, na MooTools haikubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni kivinjari cha msomaji, na mwenye tovuti pengine alishamlipa developa wake miaka mingi nyuma na hana hata namba yake. Katika mjadala ule mmoja wa wanakamati alipendekeza, kwa mzaha, jina `smoosh`. Mwishowe methodi ikaitwa `flat`, ikaingia kwenye toleo la 2019. `includes` nayo ilikuwa iitwe `contains` kabla MooTools haijaweka kizuizi. Hata `groupBy` ilikwama kwa sababu ya maktaba nyingine ya zamani, ndiyo maana leo tunaandika `Object.groupBy` badala ya kuiita kwenye orodha yenyewe. Kila ninapoiandika hiyo nakumbuka kuwa tunalipa deni la watu wengine.

Watu wa Kotlin, lugha ya programu nyingi za Android, hapa hutabasamu. Kwao unaongeza fankisheni kwenye aina yoyote, na wasioiimpoti hawaijui. Ni mpango mzuri zaidi, nakubali. Lakini kanuni ya Kotlin inasema methodi ya aina yenyewe ikifanana jina na ile uliyoiongeza, ya aina yenyewe ndiyo inayoitwa. Kotlin ilikuwa na `removeFirst()`, ya kuondoa cha kwanza, iliyoongezwa kwenye orodha kwa njia hiyo. Java 21 ikaja na `removeFirst()` yake. Developa akihamia SDK (zana za kutengenezea programu) ya Android 15 na kukompaili upya, mstari uleule sasa unaita ile ya Java, na kwenye simu za Android 14 kurudi nyuma programu inakufa kwa `NoSuchMethodError`. Kwenye simu yake mpya hataona kitu. Wateja wetu wengi, tuseme ukweli, hawashiki simu mpya. Suluhisho linalopendekezwa ni kurudi kwenye `removeAt(0)`, ambayo haipendezi lakini inafanya kazi.

Kuna kosa la pili ambalo naliona baya zaidi, kwa sababu halivunji kitu: jina linahama, tabia inabaki kule lilikotoka. Chukua `compact`. Kwenye Ruby inaondoa `nil` tu, yaani pasipo na thamani yoyote. Kwenye Lodash, maktaba ya JavaScript, `compact` inaondoa pia sifuri, maandishi matupu na `false`. Sasa chukua michango ya chama: Sh 500, 0, 1,000, na mmoja ambaye bado hajaandikiwa chochote, yaani `null`. Ya Ruby inakuachia watatu, wastani Sh 500. Ya Lodash inakuachia wawili, wastani Sh 750. Yule aliyetoa sifuri amefutika, na mweka hazina anasoma taarifa inayopendeza kuliko hali halisi. Hakuna kosa jekundu mahali popote.

Kwa hiyo mimi naandika fankisheni ya kawaida kwenye faili la mradi, naiimpoti, na jina naliandika lote: `ondoaNull(michango)`. Jaribio lake la kwanza lina sifuri ndani. Methodi kama hiyo ikija rasmi, kama `at(-1)` ilivyokuja mwaka 2022, nasoma inavyofanya kazi kisha nafuta yangu.

Wenzangu hulalamika kwamba hivyo tunapoteza nukta. `michango.compact().sum()` inasomeka kushoto kwenda kulia, wakati `jumla(ondoaNull(michango))` inasomeka kutoka ndani kwenda nje. Hoja yao ni ya kweli, na pendekezo la alama ya `|>`, ya kupitisha thamani kutoka fankisheni moja hadi nyingine, lingeitibu, ila limekaa mezani kwa TC39 miaka na miaka. Mpaka lipite, naweka thamani ya katikati kwenye `const` yenye jina, mstari mmoja zaidi, na kwenye ukaguzi wa msimbo nitaendelea kukataa kila `Array.prototype` itakayoletwa mbele yangu.