Mkeka wangu hauna mwenyewe

Nilipotua Adelaide mara ya kwanza nilikuwa na mkeka mzigoni, wa ukindu, wenye mistari ya zambarau, mama kauviringa ndani ya kanga. Australia kitu chochote kilichotokana na mmea unatakiwa ukitaje uwanja wa ndege, ukikificha ni faini. Nikautaja. Afisa akaukunjua mezani, akaumulika kwa tochi ukili kwa ukili, yaani kila utepe uliosukwa, akitafuta mbegu na wadudu. Akauliza ni majani gani, nikamweleza. Akauliza tena, nadhani kwa kunogesha mazungumzo tu, kausuka nani. Nikamwambia nimeununua sokoni Tanga. Akaniruhusu nipite.

Swali lile lilinirudia miaka kadhaa baadaye, nimeketi kwenye kikao cha kusuka cha akina mama wa Kingarrindjeri, wenyeji wa Coorong na mdomo wa mto Murray, kusini-mashariki ya mji huu. Mzee wa kike huku kwa Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, huitwa Aunty na kila mtu, kama sisi tunavyosema Bi. Aunty wetu alikuja na fungu la majani membamba ya mtoni, yamekaushwa, kisha yakaroweshwa na kufungwa ndani ya taulo bichi ili yasikatike. Hawasuki ukili kama sisi. Wanashika majani machache pamoja kama kamba, wanaanza kitovuni, halafu wanazungusha na kushona kila mzunguko juu ya uliotangulia. Mzunguko wangu wa tatu ulipinda kama sikio la mbuzi. Dada wa Kirundi aliyekaa ubavuni mwangu, ambaye kwao kikapu cha agaseke hushonwa kwa mtindo huohuo wa kuzungusha, alikuwa keshamaliza kitako na ananicheka.

Ufundi huo ulibaki kidogo uzikwe. Watu walikusanywa kwenye misheni, ardhi yenye majani ikawa malisho ya wazungu, na watoto wengi walichukuliwa kwa nguvu wakalelewa mbali na mama zao. Sasa bibi anayejua kusuka atamfundisha nani? Kufikia miaka ya 1980 waliobaki na ujuzi walikuwa wa kuhesabika. Mmoja wao, Dorothy Kartinyeri, alifundisha wenzake, na mwaka 1982 mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Yvonne Koolmatrie. Huyu alijifunza pia kwa kuvitazama vyombo vya kale vilivyohifadhiwa makumbusho, akarudisha mitego ya mikunga iliyokuwa haisukwi tena. Mwaka 1997 akawa mmoja wa wanawake watatu walioiwakilisha Australia kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia.

Jangwani, katikati ya nchi, habari ni nyingine kabisa. Kule baraza la wanawake la NPY, herufi za mwanzo za majina ya makabila matatu ya huko, lilianzisha mafunzo ya vikapu mwaka 1995, yakazaa kikundi cha Tjanpi, neno lenye maana ya majani makavu. Vikapu vya namna hiyo kwao vilikuwa kitu kipya. Walichokuwa nacho tangu zamani ni manguri, na nilipokiona nilicheka peke yangu, maana ni kata! Kata hiihii ya kuwekea mtungi kichwani. Kwenye mkono uliozoea kusokota kata, kikapu hakikuwa kigeni sana. Mwaka 2005 wanawake wa Papulankutja, kijiji cha hukohuko jangwani, walishinda tuzo kubwa ya taifa ya sanaa ya Waaborijini kwa Toyota nzima ya majani, ya ukubwa wa gari lenyewe.

Msidhani naisifia serikali. Serikali iliyochukua watoto ndiyo leo inayotoa ruzuku, na kikapu kuwekwa kwenye kabati la kioo hakujampunguzia mwanamke wa jangwani umaskini wake. Tena hapo kwetu tunawashinda: mkeka wa Pwani bado una kazi. Watu wanaulalia, wanaukalia msibani, wanaswali juu ya msala. Hatukuhitaji makumbusho kutukumbusha.

Ila sisi hakuna aliyetunyang'anya, tunautupa wenyewe. Kila nikirudi likizo naona mikeka ya plastiki imezidi sebuleni, na binti ukimwambia akae na bibi yake achane ukindu anakutazama kana kwamba umemwambia akalime. Simlaumu. Kazi inaanza kuchana, kutia rangi, kusuka ukili pima kwa pima, ndipo kuushona, wiki baada ya wiki, halafu anakuja mtu kama mimi anasema, "Bi mkubwa, nipunguzie." Nami niliomba nipunguziwe. Nikapunguziwa, nikatoka nikiona nimepata.

Mwaka jana nilinunua kikapu kidogo cha Tjanpi. Bei ilinitoa jasho na sikuthubutu kuomba kipunguzo. Kilifungwa kadi yenye jina la mama aliyekisuka na kijiji chake. Hicho ndicho nawaonea wivu. Venice wabaki nayo. Kikapu kina mwenyewe, na ukitaka kingine unajua umtafute nani, kwa bei anayoitaja yeye. Vikundi vyetu vya akina mama vina simu, vina WhatsApp, na kuandika jina kwenye kipande cha karatasi hakuhitaji mfadhili.

Kikapu kile nimekiweka juu ya mkeka wangu. Siku moja nikampigia mama, nikamwomba apite sokoni amuulize yule muuzaji kama anakumbuka ni nani aliyeusuka. Mama akaenda. Jioni akanitumia ujumbe wa sauti. Muuzaji hakumbuki, alisema, ila ameuliza, "Kwani umeharibika?"