Friji: uliza kwanza kilichomo ndani

Wanaosema friji ni anasa wana ushahidi. Unguja ilikosa umeme takriban mwezi mzima katikati ya 2008, kisha tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, na watu walikula. Kilichowatesa zaidi ni maji, maana pampu zilisimama. Kitoweo kilinunuliwa asubuhi kikaliwa mchana. Kilichobaki kikatiwa chumvi, kikaanikwa, kikawa ng'onda. Kwa anayeishi karibu na diko, wanaposhusha samaki, hoja hiyo ingali na nguvu: changu wa alfajiri anataka ndimu, chumvi na mkaa tu.

Jodari hakubali hesabu hiyo, wala kibua. Nyama yao ikikaa kwenye joto saa chache, bakteria huzalisha ndani yake kemikali iitwayo histamini, na histamini haiondoki kwa moto. Kaanga, tia nazi, uso utawaka na kichwa kitagonga vilevile. Samaki hao wanataka barafu tangu chomboni, kilo kwa kilo. Aliyekwisha kuharibika, friji ya nyumbani haimrudishi.

Kwa mgonjwa wa kisukari sioni hata mjadala. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandishia, kwani ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka. Mtungi wa udongo husaidia, ila wakati wa masika hewa imejaa unyevu, maji hayakauki haraka, na ubaridi wake hupungua.

Tatizo ni kwamba friji ya lazima hufa kama ya anasa. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, gesi bado imebana upande mmoja wa kompresa. Mota hushindwa kuzunguka, huvuta umeme mwingi, koili huungua. Friji gadi, kifaa kinachochelewesha umeme kuingia kwenye friji kwa dakika 3 hadi 5, ni rahisi kuliko kompresa mpya. Kagua na mpira wa mlango: bana karatasi, ivute, ikitoka bila kushika, mashine haipumziki na uniti zinakwisha.

Friza kubwa ya maji baridi na juisi za futari? Hiyo ni anasa, na sioni haya kuitamani. Ikijaa na kufungwa huhifadhi ubaridi hata saa 48 bila umeme, ikiwa nusu 24, mradi watoto wasiifungue kila mara kuangalia kama barafu imeyeyuka.